Zilipendwa za miaka ya themanini: ni uzuri wake au ni umri wetu?

SWALI: Mwaka 1985 nilikuwa na miaka 14. Hadi leo nikisikia wimbo wa enzi zile, hata sekunde mbili tu, nasisimka mwili mzima. Watoto wangu wanasema ni uzee. Mume wangu anasema naishi zamani. Je, muziki ule ulikuwa bora kweli, au ni mimi? Na kwa nini nikiutafuta kwenye simu naupata wimbo uleule lakini hauniingii kama ulivyoniingia kwenye kaseti?

JIBU: Dada yangu, watoto wako wamepatia nusu, na mume wako amekosea.

Nianze na muziki wenyewe, kwa sababu watu wengi hukimbilia kusema "ni kumbukumbu tu" kana kwamba nyimbo zenyewe hazina neno. Mimi ni fundi mitambo wa studio, na mazoea ya kazi yangu ni kusikiliza sauti kabla sijasikiliza maneno. Kwa sikio hilo, miaka ya themanini ina jambo lake la pekee. Mashine mpya za muziki zilikuwa chache, zilitoka karibu wakati mmoja, na kila aliyeweza kuzipata alizitumia. Kabla ya hapo, studio mbili zilizo mbalimbali zilitoa sauti mbili tofauti, maana chumba kilikuwa kingine, mpiga drams mwingine, na hata ngozi ya ngoma ilikazwa kwa mkono mwingine. Ghafla watu wa mabara tofauti wakawa wanabonyeza kitufe kilekile na kupata mpigo uleule.

Mwaka 1980 zilitoka mashine mbili za kupiga drams ambazo hazikufanana hata kidogo. Ya kwanza ni Roland TR-808, ambayo sauti zake zote zilitengenezwa kwa umeme. Mpigo wake wa ngoma kubwa ni mngurumo mrefu wa chini kuliko kishindo, na makofi yake hayafanani na makofi ya binadamu yeyote. Wengi waliidharau kwa sababu hiyo, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 1983 zikiwa zimetengenezwa kama 12,000. Lakini kufikia hapo Marvin Gaye alikuwa ameshaitumia kwenye "Sexual Healing" ya mwaka 1982, na baadaye ikaja kuwa moja ya mashine zilizoigwa zaidi duniani. Ya pili ni Linn LM-1. Hii ilikuwa na drams halisi zilizorekodiwa na kuwekwa ndani ya chipu, na ilikuwa ghali kiasi kwamba zilitengenezwa mia chache tu. Prince aliishika kwelikweli. Sikiliza "When Doves Cry" ya mwaka 1984 ukitafuta gitaa la besi. Hulipati, kwa sababu aliliondoa, akaiacha mashine ibebe wimbo karibu peke yake.

Kisha ukaja mwaka 1983. Yamaha walitoa kinanda kinachoitwa DX7, kilichotumia mbinu ya kuzalisha sauti iliyogunduliwa na John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford. Kilikuwa na uwezo mkubwa, lakini kukipanga kulikuwa kichomi. Vitufe vya kubonyeza, kioo kidogo cha maandishi, na hesabu ambazo wapiga vinanda wengi hawakutaka kujisumbua nazo. Matokeo yake, wengi walibaki na sauti zilizowekwa kiwandani. Ile piano ya umeme inayometameta, yenye mlio kama wa kengele ndani yake, unayoisikia chini ya sauti ya mwimbaji katika nyimbo nyingi za mahaba za katikati ya muongo ule, ni sauti moja ya kiwandani iliyopigwa na watu ambao hawakuwahi kuonana. Mwaka huohuo ulianza kutumika mfumo wa MIDI, uliowezesha vinanda na mashine za kampuni hasimu kuunganishwa kwa waya na kuamrishana. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliokuwa nyuma ya mfumo huo, walikuja kupewa tuzo ya Grammy ya kiufundi mwaka 2013. Tangu hapo mtu mmoja chumbani akaweza kufanya kazi ya bendi nzima. Wapiga ala wengi walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Lakini kama ningelazimika kuchagua sauti moja tu ya kuwakilisha muongo mzima, nisingechagua kinanda. Ningechagua mwangwi uliokatwa. Unaujua hata kama hujawahi kusikia ukiitwa hivyo. Ni ule mpigo wa drams unaolipuka kama umepigwa ndani ya ukumbi mkubwa, halafu ukumbi unatoweka kabla mwangwi haujaisha. Ulizaliwa kwa bahati katika studio ya Townhouse, London, mwaka 1979, wakati Peter Gabriel akirekodi albamu yake ya tatu. Phil Collins alikuwa anapiga drams, na fundi mitambo alikuwa Hugh Padgham. Meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na maikrofoni ya ziada iliyoning'inizwa chumbani ili fundi asikie wanamuziki wanaposema naye. Haikuwa ya kurekodia. Maikrofoni hiyo ilipitia kifaa kinachobana sauti kubwa na kuinua ndogo, kwa hiyo mtu akinong'ona kwenye kona fundi anamsikia. Padgham aliifungua huku Collins akiendelea kupiga, na drams zikatoka kubwa kuliko chumba chenyewe. Wakaunganisha na kifaa kinachofunga sauti mara inaposhuka chini ya kiwango fulani, na hapo mkia wa mwangwi ukakatika kama kwa mkasi. Gabriel alikuwa amekataza matoazi kwenye albamu ile, na hilo lilisaidia. Mlio mrefu wa toazi ungekiacha kifaa wazi na kuharibu kila kitu.

Mwaka 1981 Collins aliitumia sauti hiyo kwenye wimbo wake "In the Air Tonight", na akawasubirisha wasikilizaji zaidi ya dakika tatu na nusu kabla ya zile drams kuingia. Baada ya hapo kila mtayarishaji aliutaka mwangwi ule. Kufikia katikati ya muongo ulikuwa kwenye nyimbo za mahaba, za dansi na za roki, mara nyingi hata mahali usipohitajika, na watengenezaji wa vifaa wakaanza kuuuza ukiwa tayari ndani ya kisanduku. Kwa maoni yangu nyimbo kadhaa nzuri za enzi ile ziliharibiwa nao. Lakini ndio muhuri wa miaka ile.

Hili si la masikio yangu peke yangu. Mwaka 2015 watafiti wa vyuo vya Queen Mary na Imperial, London, walichapisha uchambuzi wa kompyuta wa nyimbo zipatazo 17,000 zilizoingia kwenye chati kuu ya Marekani kati ya 1960 na 2010. Walipata miaka mitatu ambayo muziki ulibadilika kwa kasi kubwa: 1964, 1983 na 1991. Huo wa katikati ndio wa vinanda na mashine ulizokua nazo. Na walipata jambo jingine ambalo mashabiki wa zilipendwa hawapendi kuambiwa. Katika nusu karne yote waliyoipima, nyimbo zilifanana kuliko wakati mwingine wowote karibu na mwaka 1986.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kama muziki ule ulikuwa bora, nalijibu hivi: kwa vipimo haukuwa bora, ulikuwa na umoja wa sauti. Na umoja huo ndio unaokushika. Umesema sekunde mbili zinatosha. Kwa kweli hata chini ya hapo. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwachezea watu vipande vya nyimbo maarufu vya urefu wa sekunde 0.4, na zaidi ya robo ya mara walitaja mwimbaji na jina la wimbo. Hata waliposhindwa kuutaja, walikuwa na fununu ya muongo ulikotoka. Katika muda huo hakuna neno linalokamilika wala melodia. Kilichomo ni rangi ya sauti tu, yaani mpigo mmoja na mwangwi wake. Muziki ambao nyimbo zake nyingi zina rangi moja unakupa mlango mmoja wa kurudia miaka mingi.

Sasa sehemu ambayo watoto wako wamepatia. Watu wazima wakiombwa kusimulia matukio ya maisha yao, mengi yanayowajia ni ya kati ya miaka 10 na 30. Jambo hili limepimwa mara nyingi, na muziki haujaachwa nje. Ndiyo miaka ya mambo ya kwanza: rafiki wa kwanza uliyemchagua mwenyewe, barua ya kwanza iliyokutetemesha mikono, kuondoka nyumbani. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California huko Davis aliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwachezea nyimbo za utoto na ujana wao. Wimbo uliogusa kumbukumbu binafsi uliamsha sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, sehemu ambayo inahusika pia na jinsi mtu anavyojifikiria yeye mwenyewe. Wewe ulikuwa na miaka 14 wakati mashine zile zikiwa zimeenea kila mahali. Ungekuwa na miaka 14 mwaka 1965, leo ungeniandikia kuhusu magitaa.

Hata hivyo, wanao wasikuchekee sana. Krumhansl huyohuyo, akiwa na Justin Zupnick, mwaka 2013 walitoa utafiti kuhusu vijana wa miaka 20 hivi waliochezewa nyimbo kubwa za zaidi ya nusu karne. Walitarajiwa kuguswa na nyimbo za wakati wao, na waliguswa. Lakini waliguswa pia na nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Walizisikia nyumbani, na mzazi anapopandwa na furaha jikoni mtoto huihifadhi furaha ile pamoja na wimbo. Waulize wanao baada ya miaka ishirini.

Kusisimka mwili ni jambo la kujitegemea, na hapo nyimbo za enzi ile zina faida halisi katika ujenzi wake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba mtu anaposikiliza wimbo unaomsisimua, ubongo humwaga dopamini, kemikali inayohusika na raha, mara mbili: wakati akisubiri kile anachokijua kinakuja, na pale kinapofika. Kusubiri ni sehemu ya raha yenyewe. Sasa angalia jinsi watunzi wa wakati ule walivyokusubirisha. Uchambuzi mmoja wa nyimbo za kumi bora za Marekani kati ya 1986 na 2015 ulionyesha kwamba utangulizi wa ala, kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, ulikuwa zaidi ya sekunde 20 mwanzoni mwa kipindi hicho, na kufikia mwisho wake ulishuka hadi kama sekunde tano. Leo mwimbaji akichelewa, msikilizaji ameshagusa kioo na kwenda kwa mwingine. Zamani kuusogeza wimbo mbele kulimaanisha kuzungusha kanda na kubahatisha, basi ulikaa ukasubiri.

Kuna pia ule ujanja wa kupandisha ufunguo kwenye kiitikio cha mwisho. Umeshausikia mara nyingi. Wimbo umefika mwisho, unadhani umeshapata yote, halafu muziki mzima unapanda ngazi na koo lako linapanda nao. Whitney Houston anafanya hivyo kwenye "I Wanna Dance with Somebody" ya mwaka 1987. Bon Jovi kwenye "Livin' on a Prayer" ya mwaka 1986 wanapanda hatua kubwa kiasi kwamba wanaojaribu kuuimba sherehekeni wengi huishia kupiga kelele. Ni ujanja wa wazi kabisa, karibu wa aibu, na unafanya kazi kila mara. Hadi mwaka 1990 karibu robo ya nyimbo zilizoshika namba moja Marekani zilibadili ufunguo. Baada ya hapo desturi hiyo ikafifia hadi karibu kutoweka.

Lingine nilitaje kwa kifupi: hukumbuki nyimbo mbaya. Zilikuwepo tele, zikachezwa redioni wiki tatu na kufa. Unalinganisha zile chache zilizosalia baada ya miaka arobaini na kila kitu kinachotoka leo, kibovu kwa kizuri. Mashindano ya namna hiyo muziki wa leo hauwezi kushinda.

Sitaki kukuacha ukidhani mashine zilikuja zikameza kila kitu, maana nyingine zilikutana na ala za kale na wote wakapata faida. Mory Kanté wa Guinea alichukua kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, akaiweka juu ya midundo ya mashine, na "Yé ké yé ké" ya mwaka 1987 ikapanda chati za nchi kadhaa za Ulaya. Kassav' kutoka Guadeloupe na Martinique walifanya zouk iliyojaa vinanda vya umeme ikapendwa Afrika nzima. Na wapo waliobaki na magitaa yao na hawakupungukiwa kitu. Franco alitoa "Mario" mwaka 1985, kisa kirefu kinachokwenda kwa magitaa, na ukipigwa leo watu bado wanainuka.

Kuhusu kuishi zamani, mjibu mume wako kwa upole. Ni kweli kwamba daktari Johannes Hofer wa Uswisi, mwaka 1688, aliihesabu hamu ya aina hii kuwa maradhi. Sayansi ya leo imehama huko. Kwa miaka mingi Constantine Sedikides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton wamekuwa wakiipima, na wanachokipata mara kwa mara ni kwamba hamu hii huwajia watu hasa wanapokuwa wapweke au wamepoa moyo, na huwaacha wakijiona wako karibu zaidi na wenzao. Ina chembe ya huzuni ndani yake, ndiyo. Tatizo ni pale mtu anapokataa kusikia kitu kipya chochote, na barua yako haionyeshi hivyo. Wala hauko peke yako. "Running Up That Hill" wa Kate Bush ulifika namba tatu Uingereza mwaka 1985, ukaja kushika namba moja mwaka 2022 baada ya kutumika kwenye tamthilia ya televisheni, na wengi walioupandisha hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. "Last Christmas" wa Wham! ulitoka mwaka 1984 na kukwama nyuma ya wimbo wa hisani wa kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Ulishika namba moja Uingereza kwa mara ya kwanza Januari 2021.

Sasa simu yako. Hapa usijilaumu, kwa sababu inawezekana kabisa unachokisikia si kilekile. Kwanza hakikisha ni rekodi ya asili. Wanamuziki kadhaa wa enzi ile, waliogombana na kampuni zao kuhusu haki na malipo, waliingia studio upya wakiwa watu wazima na kurekodi nyimbo zao zilezile ili rekodi iwe mali yao. Def Leppard walifanya hivyo mwaka 2012 kwa "Pour Some Sugar on Me", na walijitahidi mno ifanane na ile ya mwaka 1987. Wengine hawakujitahidi hivyo. Sikio lako linatambua kwamba koo limezeeka na mashine si ileile kabla akili haijajua kwa nini. Tazama mwaka ulioandikwa na urefu wa wimbo. Enzi zile wimbo mmoja ulitoka kwa urefu tofauti: wa redio, wa albamu, na ule mrefu wa disko. Ukizoea mmoja, mwingine unakuacha ukisubiri kitu kisichokuja.

Pili, rekodi ikiwa ya asili bado huenda imeandaliwa upya. Kuanzia miaka ya tisini kampuni zilishindana kutoa rekodi zenye sauti kubwa, na njia ya kufanya hivyo ni kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Kwa muziki wa mwangwi uliokatwa huo ni msiba, kwa sababu mpigo ule ulitegemea ukimya ulioutangulia na ulioufuata. Ukimya ukijazwa, mlipuko unakuwa kofi la kawaida. Kwenye programu nyingi za muziki utakuta albamu moja imewekwa mara kadhaa. Jaribu toleo lisilo na maelezo ya kuandaliwa upya, hata kama linasikika dogo. Ongeza sauti mwenyewe.

Tatu, spika ya simu ni ndogo mno. Sauti nzito, zilizo chini ya hezi 200 (yaani mitetemo 200 kwa sekunde), inazitoa kwa taabu, nyingine haizitoi kabisa, na ngoma kubwa ya 808 inanguruma karibu na hezi 50. Unasikia wimbo uliokatwa miguu. Vaa hedifoni nzuri kabla hujatoa hukumu.

Na la nne ni kaseti yenyewe. Kanda nyingi za nyumbani zilikuwa nakala ya nakala, au zilichukuliwa redioni na mtangazaji akiongea juu ya utangulizi. Kila nakala iliongeza mvumo na kupunguza milio ya juu, hivyo wimbo ukawa wa joto na wenye ukungu kidogo. Mashine nazo hazikuzunguka kwa mwendo mmoja. Motor ikikimbia kidogo, wimbo wote unapanda na mwimbaji anakuwa kijana zaidi. Kichwa chako kiliuhifadhi wimbo kwa mwendo wa redio ya kwenu, na toleo safi la simu litabaki likionekana zito au jepesi kuliko inavyopasa.

Ikiwa kanda zako zipo, usizicheze moja kwa moja. Pata mashine nzima, safisha hedi na roli ya mpira kwa pamba yenye spiriti kidogo, na uache vikauke. Zungusha kanda mbele hadi mwisho kisha irudishe mwanzo ili isijishike, halafu icheze mara moja tu huku ukiirekodi kwenye kompyuta kupitia waya. Usiondoe mvumo, hata programu ikijitolea kukusaidia. Faili hilo ndilo uliweke kwenye simu.